Safari ya Dakika Tano

Katika ukoo ule hakuna mtu aliyewahi kufa kwenye simu. Watu walikufa kama watu wengine wote, vitandani na barabarani, lakini simu ikipigwa kwenda mbali, kila marehemu alikuwa mgonjwa tu, tena mgonjwa kidogo. Babu alikuwa na mafua. Shemeji aliyeanguka kutoka juu ya paa alikuwa "amejikwaa." Ulipigiwa uje kumwona mgonjwa, ukaja na matunda yako mkononi, ukakuta watu wanarudi makaburini wakikung'uta vumbi. Wenyewe waliita hiyo huruma. Walisema habari mbaya hapewi mtu aliye peke yake, wala aliye safarini, maana akianguka nani atamdaka? Ukiwauliza kama kuna mtu aliyewahi kuwashukuru kwa huruma hiyo, walibadilisha mazungumzo.

Fundi aliijua lugha hiyo ya kwao kwa machozi. Mama yake alipofariki, shangazi alimpigia akamwambia mama ana homa kidogo, aje haraka. Akaacha kila kitu, akapanda ndege ya moja kwa moja, muda wa saa tisa angani, na kwenye mkoba wake kandambili laini alizomnunulia mama kwa sababu ya miguu iliyokuwa ikivimba. Alipofika nyumbani, walikuwa wamemzika asubuhi ile ile. Zile kandambili hakumpa mtu. Zilibaki chini ya kitanda chake, kule mji wa mbali alikokuwa akitengeneza lifti.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa hiyo siku shangazi alipopiga tena, Fundi alishtuka kabla hajaambiwa lolote.

Alikuwa amesimama juu ya chumba cha lifti, ghorofa ya sita, kwenye lile shimo refu lenye harufu ya grisi, kamba za chuma zimelegezwa na nyingine zimeshafunguliwa. Alijifuta mkono kwenye suruali ndipo akapokea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Mwanamke huyu hakuwahi kumwita mwanangu hata siku moja. Kwake yeye Fundi alikuwa kichwa kigumu, au wewe uliyekimbia kwenu, na habari ya chakula chake haikuwahi kumshughulisha.

"Nimekula. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni baba yako tu, hajisikii vizuri kidogo. Si unakijua kile kifua chake? Njoo umwone. Ukiweza kuja leo, njoo leo."

"Nipe niongee naye."

"Hayupo hapa. Wako hospitali, na mdogo wako."

"Breki hajambo?"

Shangazi alikohoa. "Wako pamoja," akasema. "Wewe njoo tu, mwanangu."

Mwanangu mara mbili. Fundi alikata simu akakaa chini, juu ya lifti, miguu ikining'inia. Baba amekufa, alijiambia. Wameanza tena kunipikia uongo.

Aliteremka akaenda kwa wakala wa tiketi, mtaa wa pili kutoka pale kazini. Ilikuwa ofisi nyembamba yenye feni inayolia na ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani, imechakaa pale watu wanapopenda kuigusa. Wakala alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, mwenye desturi ya kumpimia kila mteja safari yake kwa mkono kabla ya kumfungulia kompyuta. Aliweka kidole gumba kwenye mji waliokuwemo, akanyoosha kidole cha mwisho mpaka kwao Fundi.

"Shibiri moja na kidogo," akasema. "Huo ndio umbali. Sasa safari ni jambo jingine. Nani anaumwa?"

"Umejuaje kuna anayeumwa?"

"Hakuna anayeingia hapa na grisi mikononi kwa ajili ya likizo."

"Ni baba."

"Basi una bahati. Ya moja kwa moja inaruka leo jioni, na kuna kiti kimoja. Kesho asubuhi uko kwenu. Ukiikosa hiyo, nyingine kama hiyo ni wiki ijayo. Iliyobaki ni ya kesho, inazunguka. Inakupandisha juu huku," akapeleka kidole upande usio wa kwao kabisa, "unashuka, unasubiri, inakuleta huku, unasubiri tena, ndipo unaenda kwenu. Siku mbili zinaliwa njiani."

Fundi aliiangalia ile ramani. Alifikiria lifti aliyoiacha wazi, na wazee wa jengo lile ambao wangepanda ngazi mpaka mwenzake aimalize peke yake. Alifikiria pia kwamba mara ya kwanza aliharakishwa, na haraka ile haikumsaidia hata kuishika mikono ya mama yake. Safari hii hatanichezea mtu, akajiambia. Hayo yote yalikuwa kweli, lakini tusimfichie: zaidi ya yote aliogopa. Alitaka njia iwe ndefu. Alitaka amlilie baba yake mahali ambapo hakuna anayemjua, ili akifika awe amekwisha kulia.

"Nipe hiyo ya kesho," akasema.

Wakala alimtazama juu ya miwani. "Na mgonjwa?"

"Mgonjwa wangu hana haraka tena."

Mama yule alielewa alivyoelewa. Alichapa tiketi, akaikunja vizuri, akampa kwa mikono miwili. "Basi kawia ufike," akasema.

Jioni Fundi alimpigia shangazi kumpa habari za safari.

"Hakuna ya haraka kuliko hiyo?" shangazi akauliza.

"Shangazi, haraka ya nini? Si umesema anaumwa kidogo?"

Akasikia pumzi. Akasikia kama shangazi ameziba simu kwa kiganja anasema na mtu, kisha kiganja kikaondoka. Palikuwa na neno pale, lilikuwa limefika mlangoni mwa mdomo wake, na Fundi kwa hasira yake hakutaka kulingojea.

"Atanisubiri, lakini?" akauliza. Alimaanisha mazishi.

"Atajitahidi," shangazi akasema. Sauti ilimkatika katikati.

Fundi alijipongeza kwamba amewasoma. Ujanja mwingi mbele kiza, wahenga walisema, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa katikati ya kujiona mjanja?

Ndege ya asubuhi ilimpeleka alikoambiwa, upande usio wa kwao. Mbele ya kiti kulikuwa na kioo kidogo chenye ramani, na ndege nyeupe ikitambaa juu yake. Alibonyezabonyeza mpaka akaona umbali wa kutoka pale alipo mpaka mji wa kwao. Kila alipotazama, umbali ulikuwa umeongezeka. Alijua sababu yake, alielezwa kwa kidole ukutani. Alikuwa anakwenda kwao na kwao kunazidi kuwa mbali. Akazima kile kioo.

Akalia, kama alivyopanga. Alimlilia baba yake kuanzia kikohozi chake cha alfajiri mpaka ubishi wake. Mzee yule alikuwa mlinzi wa ghala maisha yake yote, na tangu miguu ilipomchoka hakuvuka geti la nyumbani, ila alijua ni nani amepita barabarani kwa mlio wa viatu. Mwanamke aliyekaa kando alimpa kitambaa cha karatasi.

"Pole, kaka. Umefiwa na nani?"

"Baba," Fundi akasema. Ndiyo mara ya kwanza alilitamka kwa sauti. Akaona amemzika.

Kwenye uwanja wa kwanza wa kusubiri aliketi chini ya dirisha kubwa, mkoba kati ya miguu. Mchana ulikuwa umesogea. Watu walilala kwenye viti, midomo wazi, na sauti ya mwanamke asiyeonekana iliita majina ya miji. Simu ikatoa mlio. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Breki.

Breki alikuwa mdogo wake wa pekee, dereva wa teksi. Abiria ndio walimpa jina hilo, kwa sababu alishika breki kwa kila kitu: kuku, mtoto, karatasi ya plastiki inayopeperuka. Kila Fundi alipokwenda nyumbani, Breki ndiye aliyempokea uwanjani, amebeba kipande cha boksi alichokiandikia matusi ya mwaka huo kwa herufi kubwa. Mwaka mmoja aliandika ALIYESAHAU KWAO. Mwaka mwingine, MHESHIMIWA WA LIFTI MBOVU. Wageni wengine walisoma wakacheka, na Fundi alilazimika kwenda kusimama chini ya boksi lile akubali kwamba ndiye yeye.

Na walikuwa na neno lao. Lilitoka kazini kwa Fundi. Mtu akikwama kwenye lifti hubonyeza kengele, na Fundi humjibu kwenye simu ya ndani: "Tulia, dakika tano." Husema hivyo hata akiwa upande wa pili wa mji. Alimweleza Breki sababu yake: mtu aliyeambiwa dakika tano anaweza kusubiri saa nzima, lakini ukimwambia saa nzima, hamalizi hata hizo dakika tano kabla hajaanza kuupiga mlango mateke. Breki alicheka mpaka akasimamisha gari kando. "Kumbe mshahara wako ni wa uongo!" alisema. Tangu siku hiyo, akichelewa popote, kazini, kwenye arusi, kitandani, jibu lilikuwa moja: dakika tano. Akiulizwa mbona hajafika, husema, "Njia ya mwongo fupi."

Fundi aliweka simu sikioni.

"Kaka," ilisema sauti ya Breki. Ilikuwa chini, nzito, kama ya mtu aliyeamshwa. Nyuma yake kitu fulani kililia pi, pi, pi. "Kaka, umefika wapi?"

Ni hayo tu. Fundi aliirudia. Amelia sana mdogo wangu, akawaza. Yuko peke yake na msiba, na wale watu wamemkataza kuniambia. Roho ikamuuma, akataka kumchekesha. Akasogeza simu mdomoni, akaigiza sauti ile ya kazini: "Tulia, ndugu mteja. Niko mlangoni. Dakika tano!" Akaituma. Akajicheka mwenyewe machozi yakimtoka, hata mtu wa kiti cha jirani akahamisha mizigo yake.

Alisubiri Breki amrudishie tusi. Halikuja. Aliona tu alama kwamba ujumbe umesikilizwa.

Safari ya pili ilimfikisha kwenye uwanja mwingine, na huko ukungu ukateremka juu ya njia za ndege. Hakuna kilichoruka. Abiria walitandika makoti sakafuni, watoto wakalia, maofisa wakapita wakisema "hivi punde" kwa uso wa watu wanaojua si hivi punde. Fundi aliitambua sura ile. Ni yake mwenyewe. Ikamkera zaidi kuliko ukungu.

Alimpigia Breki, simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikaita. Mara ya tatu ilikuwa imezimwa. Akampigia shangazi.

"Nimekwama. Ukungu. Breki mbona hapokei?"

"Simu yake haina chaji."

"Mwambie asisahau kuja kunipokea."

"Utapokelewa, mwanangu."

Fundi alibaki ameishika simu. Hakusema atakuja. Amesema utapokelewa. Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, akalimeza kwa kulieleza: Breki ndiye mwanamume pekee aliyebaki pale nyumbani, ana wageni, ana viti vya kuazima, ana kaburi la kuchimbisha. Atapata wapi nafasi ya kushinda uwanjani? Maelezo yalikuwa mazuri. Aliyarudia mara kadhaa.

Ukungu ulipoondoka siku ya pili, ndege ikaruka. Alipofungua kile kioo cha mbele, safari hii umbali ulikuwa unapungua, unapungua haraka, na badala ya kufurahi Fundi alitamani kuushika ubaki pale ulipo. Hakujua anaogopa nini. Si alikwisha lia? Si alikwisha zika? Alimwomba mhudumu maji, akayamwaga nusu juu ya mapaja yake.

Akafika asubuhi. Alipita ukaguzi, akachukua sanduku lake, akatoka kwenye ule mlango mpana ambako watu husimama na vibao. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kutafuta kipande cha boksi.

Hakukuwa na boksi. Pale mbele, ameshikilia chuma cha kizuizi kwa mikono yote miwili, amevaa shati lake jeupe la kutokea, alikuwa amesimama baba yake.

Fundi aliliachia sanduku. Kwa muda mfupi ule, na tumwachie muda wake maana haukuwa mrefu, alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote waliokuwa katika uwanja ule. Alicheka kwa sauti. Alikimbia, akamkumbatia mzee juu ya chuma, akamshika mabega, akamshika uso.

"Baba! Uko hai! Wajinga wale, nilijua umekufa! Nimekulilia dunia nzima, baba, nimekuzika angani!"

Mzee hakucheka. Alikuwa anamtazama mwanawe jinsi mtu anavyomtazama mtoto anayechezea ukingoni mwa kisima. Nyuma yake alisimama shangazi, kitambaa mdomoni.

Kicheko cha Fundi kikaendelea kidogo chenyewe, kisha kikakoma. Akaangalia nyuma ya shangazi. Akaangalia pembeni. Baba yake, ambaye miaka mingi hakuvuka geti, alikuwa amesimama hapa.

"Breki yuko wapi?"

Shangazi alifungua mdomo, na Fundi aliona kabisa neno linavyotengenezwa mle ndani. Mgonjwa. Kidogo.

"Usinidanganye," akasema. "Shangazi, nakuomba, leo usinidanganye."

Ni mzee aliyesema. "Alikuwa anabadilisha gurudumu kando ya barabara. Lori likamgonga. Hiyo ilikuwa siku ile tuliyokupigia."

"Mlisema ni wewe."

"Tuliogopa. Tulijua ninyi wawili mlivyo. Tukasema ukisikia ni yeye utaanguka njiani, huko hewani, peke yako. Mimi ni mzee, tukasema ukisikia ni mimi utakuja umetulia. Shangazi yako alikwambia uje siku ile ile."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Kesho yake asubuhi? Ningekuja na ile ya jioni, baba, asubuhi alikuwa hai?"

Mzee alitaka kumhurumia. Ukoo mzima ulikuwa umemfundisha namna ya kuhurumia. Lakini alikwisha ombwa.

"Asubuhi alikuwa hai," akasema. "Alikunywa uji. Alishinda akikuulizia. Ametutoka juzi, jua likizama. Hatujamzika. Safari hii tulisema tutakusubiri."

Watu walipita na mikokoteni yao ya mizigo, wakiwazunguka. Mtoto mmoja alimkimbilia mama yake akipiga kelele za furaha. Fundi alishika kile chuma, akaona grisi imebaki chini ya kucha zake, ya lifti ile ambayo mwenzake angeweza kuimaliza peke yake. Alifikiria lile shimo lenye giza, na mtu aliye ndani anabonyeza kengele.

"Alinitumia ujumbe," akasema.

"Ni mimi niliyemshikia simu."

"Nilimjibu."

"Tulisikia sote." Mzee aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mwanawe. "Alicheka. Ilimuuma kucheka, lakini alicheka. Akasema, 'Mwongo huyo.' Kisha akatuomba tumgeuze auangalie mlango. Nikamwambia, mwanangu, si umesema mwenyewe ni mwongo? Akasema ndiyo, lakini huenda leo amesema kweli."

Fundi alingoja. Alijua bado kuna neno, na safari hii hakukimbia.

"Tukamgeuza," mzee akasema. "Hakukubali tena tumgeuze upande mwingine."